Sauti Kwenye Ua wa Veridiana

Wallahi, hii si hadithi ya kutunga. Kila neno lake ni kweli tupu, na mimi Nurdin, mstaafu wa Makote, nikiongeza hata punje ya chumvi, mikorosho yangu isitoe ua msimu ujao.

Asubuhi hiyo stendi ya Masasi ilifurika watu. Kasiani, kijana muuza pembejeo, alikuwa akishusha mizigo mbele ya duka lake pale mfuko wa salfa ulipopasuka, ukamtimulia vumbi mwalimu mmoja aliyekuwa akikimbilia gari la Newala. Gauni lake jeupe likageuka manjano toka kifuani hadi pindoni.

"Samahani, dada. Hiyo ni ya kupulizia mikorosho tu."

"Na mimi umeniona mkorosho?"

"Mkorosho gani unapendeza hivyo?"

Gari likaondoka. Mwalimu Veridiana alijaribu kununa, kicheko kikamponyoka. Wakapeana namba, na tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje, na mdomo umeuajiri wewe?"

Veridiana alipanga nyumba Newala, peke yake, na uani ndiko alikopikia, alikofulia na alikoanika korosho zake. Wezi walipoanza kuranda mtaani, Kasiani akamletea fundi wa kamera, zile zinazorusha picha mtandaoni ukaziona kwa simu popote ulipo, na hata kuongea ukasikika. Fundi alimaliza, akafuta jasho.

"Neno la siri nimewawekea. Mtalibadili wenyewe."

"Tukilibadili, kesho ikiharibika utaingiaje?" Kasiani akamjibu. "Liache hilo hilo, fundi."

Posa ikakaribia. Veridiana, asiye na mama wa kumfunda karibu, akawa anajizoeza uani namna ya kumpokea mama mkwe. Anapiga magoti mbele ya ndoo tupu, "Shikamoo, mama," kisha anajijibu kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu. Hapo tumboni vipi?" Kasiani alimwona siku moja kwenye simu yake huko Masasi, akatabasamu, akanyamaza.

Siku chache baadaye Veridiana alikwenda sokoni na ndoo yake. Muuza dagaa akaiinamia ile ndoo. "Shikamoo, mama mkwe." Soko zima likacheka.

"Kasiani, nani mwingine anaona uani kwangu?"

"Mimi na wewe tu, roho yangu."

"Basi wewe ndiye uliyenitangaza."

"Veri, naapa..."

"Mwambie mshenga asije."

Simu ikakatika, na namba yake ikafungiwa. Kasiani akaacha kula. Wateja walimuuliza bei ya salfa, akawatazama kama wanaongea toka ng'ambo ya mto. Mwisho akafanya la mtu aliyeishiwa: akafungua kamera, akaongea kupitia ukutani.

"Veri, nisikilize."

Uani, sufuria ikamponyoka Veridiana. Akasogea mpaka uso wake ukajaa kwenye simu ya Kasiani, macho yamevimba. "Hata kulia peke yangu umeninyima," akasema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Kasiani akapanda gari la kwanza la Newala. Alimkuta uani akiokota korosho zilizooza.

"Sikusema na mtu, Veri. Niue, lakini sikusema."

"Hata wanafunzi wangu wanaisalimia ndoo. Niwafundishe nini tena?"

"Chukua simu yangu. Pekua. Ivunje ukitaka."

Akaipokea, akaizima. "Nenda kwenu, Kasiani. Mimi nimechoka kuonwa."

Kasiani akapiga magoti kwenye maganda, kijana mzima, machozi yakimdondoka bila kuyafuta. Ndipo ukuta ukasema, kwa sauti ya kizee:

"Msamehe, mwanangu. Kijana atatufia."

Wote wawili wakainua macho. Simu ya Kasiani ilikuwa imezimika mkononi mwa Veridiana. Ya Veridiana ilikuwa ndani, kwenye chaji.

"Wewe nani?" Veridiana akauliza. Taa ya kamera ikaendelea kuwaka tu.

Wakampigia fundi. Alijitetea kidogo, kisha akasema. Jina la kuingilia ni namba ya simu ya mwenye kamera, na namba ya mwalimu nani hana? Neno la siri nalo ni moja kwa wateja wake wote, mpaka Chilangala. Hakuna aliyelibadili. Ukijua lako, umejua la jirani.

Veridiana akamrudishia Kasiani simu yake.

"Kwa hiyo hukunitangaza."

"Sikukutangaza."

"Ila mlango uliuacha wazi wewe."

"Niliuacha mimi."

Akachukua mchi, akaiangusha kamera kwa pigo moja. "Mshenga aje," akasema bila kumtazama. "Na korosho zangu utazilinda wewe, kwa macho uliyozaliwa nayo." Kisha akamfuta vumbi magotini, na mkono ukachelewa kuondoka.

Kisa hiki nilikisimulia harusini kwao, watu wakinishangilia, bibi harusi mwenyewe akanisogelea.

"Mzee Nurdin, siku hiyo nilivaa kanga gani?"

"Ile ya zambarau," nikajibu kwa majivuno ya kumbukumbu zangu, "imeandikwa *Anayenijua Hanisemi*."

Ngoma ikanyamaza.

"Uani tulikuwa wawili tu," Veridiana akasema. "Na Kasiani mpaka leo hajui rangi ya kanga yangu hata moja."

Fundi alikuwa meza ya pili. Akakohoa, akasema kamera yangu ya Makote kaifunga yeye.

Wazee hawakunichapa. Walinitoza faini ya kumchotea bibi harusi maji, na Newala maji hayajawahi kuwa mzaha. Basi ukikutana nami njia ya Kitangari nasukuma baiskeli ya madumu kwenda kwa Mwalimu Veridiana, nisalimie upite. Hadithi sina.