Nani Alimwambia Nesi Kuwa Nampiga Mama?

"Tumekuja kumwangalia mama yako. Kituoni wameona michubuko mwilini mwake."

Hivyo ndivyo alivyoniambia yule dada mlangoni kwangu asubuhi, mikono yangu ikiwa bado na povu la sabuni. Alijitambulisha kuwa afisa ustawi wa jamii wa kituo chetu cha afya. Nyuma yake alisimama nesi.

Ndugu zangu...

Mimi? Nimpige mama?

Tangu apate kiharusi, namwogesha mimi, namlisha mimi, namgeuza mimi. Ushonaji niliacha. Kaka yangu anaishi mtaa wa pili, na kazi yake ni kupiga simu kuuliza mama anaendeleaje.

Kichwani akanijia mtu mmoja tu. Wifi!

Juzi nilikuwa hoi, ndiye aliyempeleka mama kliniki badala yangu. Nikajua amenichoma. Nikampigia kaka simu palepale, nikidhani atanitetea. Akasema kama ni kweli, mama anahamia kwake leo leo, nami nisikanyage huko.

Yule afisa hakunifokea. Aliomba aone mama anapolala, akaitembea njia yote mpaka chooni. Kisha akaniomba nitoke, aongee na mama faragha.

Nilikaa nje, macho mlangoni. Wangemchukua mama yangu, na mtaa mzima ungejua.

Kaka na mkewe wakafika. Nikamuuliza wifi amewaambia nini watu wa kituo. Akaapa hajafungua mdomo. Sikumwamini hata kidogo.

Mlango ukafunguliwa.

"Ingieni wote," afisa akasema.

Mama alikuwa analia. Maneno yake hutoka kwa shida, kwa hiyo tulimsogelea.

"Mimi ndiye niliyesema..."

"Umesema nini, mama?"

"Nilimwambia nesi, nyumbani kuna mtu anaumia. Akadhani ni mimi."

Nesi akainamisha macho.

Na michubuko? Kumbe usiku alikuwa anajikokota chooni peke yake, anaanguka, anarudi kitandani kimyakimya. Hakutaka kuniamsha.

"Unaisha, mwanangu," akaniambia. "Na hakuna anayekuona."

Jamani... nikatafuta kiti.

Nesi akanifunga kipimo cha presha. Akatazama, akapima tena, kisha akaniambia nisinyanyuke kwenye kiti. Siku hiyohiyo nilipelekwa kwa daktari, nikaanzishiwa dawa.

Afisa akamgeukia kaka. Hakumhubiria. Alimuuliza tu ni siku zipi za wiki atakuwa na mama, kisha akasubiri mpaka alipozitaja. Mama akaletewa kiti cha choo cha kuweka kando ya kitanda, na nesi sasa hupita nyumbani kumtazama.

Wifi nilimwomba radhi. Alisema yameisha, ila bado ananuna kidogo, na ana haki.

Nilikuwa najua afisa ustawi ni mtu wa kuja kunyang'anya watu watoto na wazazi. Kumbe daktari ana dawa ya presha, lakini hawezi kuja kumpangia kaka yangu zamu; afisa aliweza.

Wewe unayeuguza, ukifika kliniki usieleze shida za mgonjwa tu. Sema kwamba na wewe hulali. Muulize nesi kama kituoni kwenu yupo mtu wa ustawi.

Leo ni zamu ya kaka, mama yuko kwake. Nimeamka jua limeshapanda, nikashtuka nikataka kukimbilia chumbani kwa mama... kisha nikajilaza tena.