Baba wa Kwenye Simu

Ndugu zangu, nyumba ya fundi seremala ninayetaka kuwaeleza habari zake ilikuwa nyumba ya kicheko. Karakana mbele, vyumba viwili nyuma. Mke akipika humtania mumewe kupitia dirishani, naye hujibu huku randa inatembea. Mimba ilipoingia, utani ukazidi.

Lakini uchungu ulimshika mke mapema mno. Akajifungua mtoto njiti, msichana, mdogo wa kuenea kiganjani.

Hospitalini mtoto akalazwa kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, na juu yake kamera. Kamera hiyo haikuwa ya picha za ukumbusho. Iliunganishwa na kompyuta iliyofundishwa kutazama kifua kikipanda na kushuka, na ngozi ikibadilika rangi. Pumzi ikikatika, kengele inalia.

"Ngozi yake bado laini sana," muuguzi aliwaeleza. "Tukimbandika waya kila mahali tutamchubua. Huu mtambo unamlinda bila kumgusa. Nanyi mtamwona kwenye simu zenu."

Neema, sivyo? Ni neema kweli. Ila fundi wetu aliigeuza maficho.

Siku ya kwanza alichungulia kile kisanduku, jasho likamtoka, akaondoka. Hakukanyaga tena. Mkewe ndiye aliyeshinda wodini, akikamua maziwa, akimbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi kama alivyoelekezwa, hata macho yakamwingia ndani na miguu ikavimba. Akimwomba mumewe ampokee japo kidogo, jibu lilikuwa lile lile: "Mke wangu, nimemwona sasa hivi. Anapumua vizuri."

Dada mkubwa wa fundi, aliyekuja kusaidia kazi za nyumbani, akamkuta anawaonyesha wateja ile picha.

"Kwani mtoto ni mpira?" akauliza.

"Vipi tena, dada?"

"Mpira ndio unatazamwa kwenye simu. Na utazame mpaka macho yakutoke, goli hufungi wewe."

Wateja wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, kisha akainamia mbao zake.

Alasiri moja, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la misumari, aliona mkono wa mtoto umelegea. Kifua kimetulia tuli. Akaikwapua simu. "Pumua! Pumua, mwanangu!" Akawa anagonga kioo cha simu kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi mlango usiofunguliwa.

Huko wodini kengele ilikuwa imeshalia. Mkono wa muuguzi ukaingia kwenye picha, ukamsugua mtoto unyayo, ukasugua tena. Kifua kikapanda.

Fundi alijikuta amepiga magoti juu ya maranda. Hakufunga hata karakana; alikimbia hivyo hivyo na vumbi lake mpaka hospitali. Mkewe alikuwa kwenye kiti, kando ya kisanduku.

"Nisamehe," fundi alisema. "Niliogopa. Tazama mikono hii, sugu tupu. Nilidhani nitamvunja."

"Na mimi naogopa," mke akajibu. "Tangu siku ile. Nilitaka tuogope wote wawili."

Muuguzi akamwonyesha bomba. "Nawa mpaka viwikoni, baba, uvue shati. Hapa tunataka kifua, nacho unacho kipana."

Akawekewa binti yake kifuani. Mwanzo alijikaza kama ubao. Kisha akahisi joto dogo, na pumzi nyepesi shingoni. Muuguzi akawageuzia kamera, na kwenye kompyuta mstari wa pumzi ukaenda taratibu, bila kukatika. Alipogeuka kumwambia mkewe, alimkuta amelala fofofo kitini, mdomo wazi.

Tangu hapo wakapokezana. Mtoto akanenepa, wakaruhusiwa. Leo akilia, msumeno hausikiki.

FUNZO

Mtambo ulimlinda mtoto yule, nasi tunaushukuru. Wala msimsikilize atakayewaambia muukatae. Lakini kutazama si kulea. Enyi akina baba, nendeni wodini, mnawe, mvue mashati, mkae. Kuogopa si aibu. Aibu ni kumwachia mwenzio hofu yote aibebe peke yake.