Asilimia Tisa kwa Miezi Mitatu

Mimi nimechoka na tumbaku. Naanza na hilo ili usinishangae huko mbele. Naitwa Nibizi, lakini hapa Ulyankulu wananiita Mama Ange. Miaka kumi na minane nimelima tumbaku: kitalu, shamba, kuvuna, kisha bani. Bani ni kile kijumba cha kukaushia majani kwa moto. Kuni nilikuwa naleta mimi, moto nachochea mimi, na sasa kikohozi nacho ni changu. Mganga wa zahanati aliniambia wazi, "Mama Ange, kaa mbali na ule moshi." Nikamuuliza, nani basi atakaa karibu nao?

Mwaka juzi soko lilikuwa zuri. Tulilipa deni la mbolea, tukabaki na milioni nne na laki mbili. Mume wangu Anakleti akasema maneno niliyoyangoja siku nyingi.

"Mama Ange, tuache tumbaku. Tununue mashine ya kukamua alizeti."

Mashine hiyo dukani Tabora iliuzwa milioni nne, laki tano na elfu hamsini. Tulipungukiwa laki tatu na nusu. Jumatatu Anakleti akaenda mjini kutafuta njia. Alirudi jioni na karatasi mkononi, anatabasamu.

"Tumemaliza," akasema. "Kuna benki inachukua pesa, inazifunga miezi mitatu. Asilimia tisa. Nimepiga hesabu kwenye basi. Faida ni laki tatu na elfu sabini na nane. Miezi mitatu tu, tunanunua mashine."

"Umewauliza vizuri?"

"Niulize nini? Imeandikwa ukutani."

Anakleti ndivyo alivyo, na si yeye peke yake. Sisi watu wa tumbaku tumezoeshwa hivyo. Sokoni anapita mteuzi, anagusa majani, anataja daraja. Daraja lina bei yake. Unanyamaza, unapokea. Ukibisha, robota lako la majani linarudi nyumbani. Basi hata benki tunaingia kwa adabu hiyohiyo.

Wiki ile ilikuwa ya mwisho kujiandikisha kwenye chama cha wakulima wa tumbaku kwa mbolea ya msimu mpya. Anakleti akasema haendi tena. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Jumatano jirani yetu Adelina alikuja kuazima ungo. Adelina alikuwa karani wa chama cha akiba Urambo kwa miaka mingi, sasa amestaafu.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema mlangoni.

"Milele, amina. Karibu, dada."

Anakleti akamwonyesha ile karatasi kwa majivuno. Adelina akavaa miwani, akaisoma hadi chini.

"Baba Ange, hii tisa ni ya mwaka."

"Wameandika miezi mitatu."

"Miezi mitatu ndio muda wa kufunga pesa. Tisa ni ya mwaka mzima. Miezi mitatu inaingia mara ngapi kwenye mwaka?"

Anakleti akafikiri. "Mara nne."

"Basi gawa faida yako kwa nne."

Nikaleta daftari la zamani la Ange. Hesabu ikatoka elfu tisini na nne na mia tano.

"Bado kodi," Adelina akasema. "Serikali inakata sehemu moja ya kumi ya hiyo faida. Mkononi unapata elfu themanini na tano na shilingi hamsini."

Anakleti akakaa chini. Mimi nilitazama nje, nikaliona bani. Roho iliniuma. Nikamwambia, "Basi nenda chamani kajiandikishe." Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu.

"Subirini kwanza," Adelina akasema. "Nendeni mjini wote wawili. Pitieni benki zote mkaulize. Asilimia hii ni ya mwaka? Pesa inaanzia ngapi? Nikitoa kabla ya muda, napoteza nini? Baada ya kodi, nabaki na shilingi ngapi? Na waambieni, muda ukiisha, pesa zisijifunge tena zenyewe. Halafu waombeni waongeze asilimia."

"Benki inaongeza?" Anakleti akauliza.

"Pesa ni yako, baba. Wao ndio wanaikopa kwako."

Ijumaa tukaenda. Ile benki ya kwanza, ukifunga mwaka, walitoa tisa na nusu. Ya pili walitoa kumi na moja, lakini kuanzia milioni kumi. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Ya tatu, yule binti wa mezani akasema tisa. Anakleti akaanza kuinuka, kofia mkononi, kama vile mteuzi ameshapita.

Mimi sikuinuka. Nilikuwa nimechoka mno kuinuka.

"Mwanangu," nikasema, "wenzenu wanatoa tisa na nusu. Ninyi mtatupa ngapi tukifunga mwaka mzima?"

Akaingia kwa meneja. Tukangoja. Anakleti alitazama viatu vyake muda wote.

"Kumi," akasema binti aliporudi. "Ila mkitoa kabla, faida yote inapotea."

Nikamwambia atuandikie tutakachopata baada ya kodi. Akaandika: laki tatu na elfu sabini na nane. Hesabu ileile ya kwenye basi, ila kwa mwaka mzima.

Anakleti akanigeukia. "Mwaka mzima, Mama Ange. Tutakula nini?"

"Mahindi yapo. Mtu akiugua, tunauza mbuzi. Pesa hizi hatuzigusi."

Akatia sahihi. Hakwenda kwenye chama.

Sitakudanganya, mwaka ule ulikuwa mgumu. Anakleti alifanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Mbuzi wawili waliondoka. Mboga ilikuwa mchicha, kesho yake tena mchicha. Lakini sikuingia kwenye bani hata siku moja.

Muda ulipoisha tulikwenda kuzitoa pesa. Zilikuwa milioni nne, laki tano na elfu sabini na nane, kama walivyoandika. Dukani mashine ilikuwa imepanda kwa elfu ishirini. Baada ya kulipa tungebaki na elfu nane, na nauli ya mzigo bado. Anakleti akasimama mbele ya mwenye duka. Akaweka kofia yake mezani.

"Ndugu yangu," akasema, "hebu tuongee kidogo."

Nilikaa kwenye gunia nikamsikiliza. Akapunguziwa elfu thelathini.

Mashine tumeiweka ndani ya bani, ndiko kwenye paa zuri. Watu wanaleta alizeti, Adelina alikuwa wa kwanza. Kikohozi kimepungua, hakijaisha. Kuta bado ni nyeusi kwa moshi wa miaka yote ile. Juzi Anakleti alileta chokaa, akaniuliza kama nitamsaidia kupaka.

Nikamwambia nimechoka. Akachukua brashi, akaingia peke yake.