Boksi Kwenye Picha Tupu

Haya hayakumpata jirani, wala shangazi wa rafiki wa mtu. Yalimpata mdogo wangu wa tumbo moja, na kipande cha mwisho, ole wangu, kilinipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa, saa nne asubuhi, nikapiga hodi kwake nikiwa na mkate mkononi na maneno mengi mdomoni.

"Umelala?"

"Nimezima," akajibu. "Ingia."

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Fundi, kazi yake ni kufundisha kompyuta itambue sura za watu kwenye picha mbovu. Chombo chenyewe anakiita mtandao wa neva. Mimi nakiita Bwana Mkubwa, maana anakula umeme mchana kutwa, hafanyi la maana, na hakuna anayethubutu kumgusa. Fundi huchukua picha safi ya mtu, akaiharibu makusudi: anaifinya mpaka pua inabaki nukta mbili, anaipaka ukungu, kisha anauliza, huyu ni nani? Bwana Mkubwa akikosea, anarekebishwa, wanaanza tena. Mara laki. Mimi jukwaani nikirudia kichekesho mara ya pili tu, narushiwa chupa.

Humlisha pia picha tupu: kuta, nguzo, makoti yaliyotundikwa. Lazima ajifunze kusema hapa hakuna mtu.

Hakuwa anacheza. Miezi saba nyuma mama yetu, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, alitoka kuanika nguo asirudi. Kilichobaki ni picha moja ya kamera ya stendi. Mwanamke, au koti, au kivuli cha nguzo; uso wenyewe kama punje ya mchele. Polisi wakasema haisomeki. Fundi akasema itasomeka, hata kama itamzeesha. Akahangaikia vibali mpaka akaruhusiwa kupokea picha za kamera zote kutoka stendi hadi mtaani kwetu. Akamfundisha Bwana Mkubwa sura ya Mama kwa albamu yetu ya familia, ile ambayo kila mtoto ana shavu moja linalong'aa. Mama hakukubali upigwe picha na uso mchafu. Alikuwa akilowesha pembe ya mtandio wake kwa mate, anakushika kidevu, anakusugua. Mimi alinisugua hivyo nikiwa na miaka arobaini, mbele ya watazamaji wangu. Hakuna siku waliyocheka zaidi.

Sasa Jumanne ile Fundi akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Bwana Mkubwa wako amempata Mama," akasema. "Na nataka nimpige nyundo."

Ilikuwa benchi la stendi. Bwana Mkubwa amechora boksi jekundu juu yake, na maandishi: MAMA, asilimia tisini na saba.

Benchi lilikuwa tupu.

"Labda kainama kutafuta kiatu," nikasema.

Hakucheka. "Kosa langu. Nimemlisha picha zake kupita kiasi. Sasa anamwona kila mahali." Akajipangusa macho. "Kama mimi."

Akafuta picha zote za Mama, asibakize hata moja. Akaanza upya kutoka sifuri, miezi saba ya jasho imekwenda na maji. Ijumaa Bwana Mkubwa alikuwa anajua watu mia nane, na Mama hakuwemo.

Jumamosi akanipigia simu. "Boksi limerudi. Duka la dawa."

"Limeandikwa nani?"

"HAJULIKANI."

Tukakimbia. Hakuna mtu. Jumapili, ukuta wa shule. Tukakimbia. Hakuna mtu. Jumatatu, kona ya mshona viatu. Mimi na kitambi changu tunauita ukuta, "Mama! Mama!" na wapita njia wanapiga makofi, wanadhani ni mchezo. Maisha yangu yote nimeomba vicheko. Siku ile nilitamani kuwarushia wao chupa.

"Bora asingeona kitu!" Fundi akafoka. "Kuliko kunionyesha kila siku kitu ambacho sikioni!"

Akapiga teke meza. Picha zikasogea kwenye kioo, na hapo ndipo nilipoona. Za stendi, safi. Za duka la dawa, safi. Shule, mshona viatu, safi kama maji. Kamera nyingine zote bado ukungu.

Tulirudi kwa mshona viatu. Kamera iko juu, urefu wa watu wawili. Mlinzi wa pale akatuletea ngazi huku ananung'unika.

"Nani alipanda kuisafisha?" nikamuuliza.

"Nani apande? Ngazi ni hii moja, na ufunguo wa stoo ninao mimi."

Nikapanda. Kamera imejaa vumbi la miaka, isipokuwa kioo chake. Kilikuwa kimefutwa, duara moja zuri.

Nikagusa. Pabichi.

Nikashuka, nikamwonyesha Fundi kidole kilicholowa. Tukarudi nyumbani, kila mtu na mawazo yake.

Jumatano nilikuwa na onyesho la mchana kwa wanafunzi. Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Fundi, uso mzima umepakwa poda nyeupe ya jukwaani. Saa kumi, jua kali dirishani. Fundi yuko kwenye kompyuta upande wa pili wa chumba. Mimi nikajitupa kwenye kiti karibu na mlango. Usingizi ukanibeba.

"Kaka." Mnong'ono. "Kaka, usigeuke."

Nikafumbua macho. Kwenye kioo cha kompyuta, kamera ya mlangoni kwake. Jana ilikuwa ukungu mtupu.

Leo ilikuwa safi.

"Boksi liko wapi?" nikanong'ona.

Akafungua picha za kamera ndogo ya kompyuta, ile inayotazama chumba. Ni mimi, kitini, nimejilaza. Boksi kwenye uso wangu.

Boksi lingine pembeni yake. Karibu sana. Kimo cha mtu aliyeinama.

HAJULIKANI.

Likazimika.

Nilikwenda kwenye beseni nikanawe. Nikajitazama kwenye kioo cha ukutani. Uso wote mweupe. Isipokuwa shavu la kulia. Lilikuwa limesuguliwa kutoka jicho hadi kidevuni, linang'aa. Lilikuwa bado bichi, na baridi.

Fundi alisimama nyuma yangu akalitazama. Mikono yake mikavu, haina hata chembe ya poda. Nilitegemea apige kelele.

"Kwa nini wewe?" akasema. "Mimi ndiye niliyemtafuta."

Ni wiki tatu sasa. Boksi halijarudi, na Fundi hanawi uso. Jana nilimpelekea mkate, nikamkuta amekaa kwenye kiti kile karibu na mlango, macho ameyafumba.

Mashavu yote mawili amejipaka masizi.