Nusu Kidonge cha Sidonia

Kila jioni kijijini kwetu, upande wa Mpwapwa, redio ikianza taarifa ya habari, binti yangu Sidonia huacha sahani yake, hunawa mikono, huenda ndani kuchukua dawa. Hakuna anayemkumbusha. Anameza kidonge kimoja kwa maji, kisha anarudi kumalizia ugali wa uwele na mlenda, na mara nyingi anamaliza kabla yangu. Sidonia alizaliwa na virusi vya UKIMWI. Nilimwambia mwenyewe, nesi akiwepo, maana sikutaka aambiwe na watu wa njiani. Sasa yuko darasa la sita, anawashinda mbio wavulana wengi, na ukimwona huwezi kujua chochote. Hiyo ni kazi ya kile kidonge.

Marehemu mama yake hakubahatika. Alipokuwa anaumwa, hospitali walimwambia arudi wiki ijayo, faili halionekani. Alirudi, wakamwambia wiki nyingine. Hayo nayaacha. Wenye ofisi zao wanajua.

Jambo hili lilianzia bombani, wanafunzi wanapochota maji ya shule. Munira, anayekaa dawati moja na Sidonia, alikuja na habari.

"Mjomba karudi nyumbani na godoro lake," alisema. "Yule aliyekuwa dereva wa mradi. Wameachishwa kazi wote."

"Mradi gani?" Sidonia aliuliza, ingawa alikuwa anaujua.

"Ule wa wagonjwa wa UKIMWI. Wazungu wamekata msaada. Mjomba anasema dawa zilizopo zikiisha, basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo basi! Mimi nitajuaje, kwani mimi daktari?" Munira alicheka, akajitwisha ndoo yake, akaondoka. Hakujua alikuwa anaongea na nani.

Jioni Sidonia akaniuliza, "Baba, eti Wazungu wamekata msaada?"

"Nani kasema?"

"Watu."

Nilimwambia asisikilize watu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasikia kwa vijana wa bodaboda, na nilikuwa nimeona kwamba Joel haji tena. Joel alikuwa mhudumu wa ule mradi. Kila mwezi alikuja na pikipiki, akamtania Sidonia kuhusu hesabu zake, akauliza habari za dawa. Ghafla kimya. Simu yake haipatikani. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji.

"Mzee, hilo liko juu," akaniambia. "Tunasubiri tamko."

"Na dawa je?"

"Tamko likija utasikia."

Redio ikasema dawa zipo za kutosha. Vijana wa bodaboda wakasema zimebaki za viongozi tu. Kanisani mtu akasema zitaanza kuuzwa. Redio inasema zipo, Joel hayupo. Mtu ashike lipi? Wenye kujua walikuwa kimya, hata karatasi moja ya kubandika mlangoni mwa kituo cha afya walishindwa.

Hapa nieleze jambo la kwetu, kwa msomaji asiyelima nchi kame. Mvua ikikatika mapema, mama yangu, yaani bibi yake Sidonia, hangoji njaa ifike. Siku hiyo hiyo anaanza kupunguza. Kihenge kingali na nafaka, yeye anapima uwele nusu ya kawaida, na chakula cha mchana kinafutwa. Sote tumefika msimu mwingine kwa ubanaji wake. Sidonia amelelewa humo. Kwake yeye, mtu mwenye akili ni yule anayeanza kubana mapema.

Basi naye akabana. Hakumwambia mtu. Alikikata kidonge katikati kwa wembe wa kuchongea penseli, nusu akameza, nusu akairudisha kwenye kopo. Siku nyingine hakumeza kabisa, kama bibi yake anavyofuta chakula cha mchana. Mimi nilimwona anaingia ndani redio ikilia, anatoka anapangusa mdomo, nikadhani mambo ni yale yale.

Siku ya kliniki ilipofika tulipanda bodaboda hadi kituo cha afya, tukakaa kwenye benchi na wenzetu, kisha tukaitwa.

"Shikamoo, nesi," alisema Sidonia.

"Marahaba. Huyu naye anarefuka tu, mwisho utagonga dari langu!" alisema nesi Josephine. "Haya, leta kopo tuone."

Sidonia aliliweka kopo mezani kwa mikono miwili, anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. "Nimebakiza," akasema. "Tena nyingi. Kama za leo hazitoshi, mimi ninazo. Mpeni mwingine."

Nesi akamimina vidonge kwenye sahani. Vikatoka vizima, na vipande, na unga. Utani ukamwisha.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna. Nyumbani tunafanya hivi kwenye uwele."

Nesi alinigeukia. Akamvuta Sidonia karibu.

"Hukufanya kwa ubaya, mwanangu. Lakini dawa si chakula. Ukila nusu ya ugali, unapata nusu ya shibe. Ukimeza nusu ya hii, hupati nusu ya kinga. Kirusi kinaizoea dawa. Kikishaizoea, hata nikupe kopo zima, dawa haikiwezi tena."

Tabasamu likamtoka mtoto. "Nimejiua?"

"Hapana! Tutapima damu. Na kuanzia leo unameza kidonge kizima, kila siku."

"Lakini zitakwisha!"

"Sikiliza, nikwambie ninachokijua. Dawa hizi nyingi zimekuwa zikinunuliwa kwa msaada wa nchi za nje. Na mishahara ya kina Joel ilitoka huko huko. Msaada ukasimamishwa ghafla, kina Joel wakaondoka hata kuaga hawakupata nafasi. Lakini dawa stoo zipo, nimezitazama mwenyewe asubuhi. Huko mbele zitaletwa na nani, hilo sijui, sikudanganyi."

Nikapandwa na hasira. "Sasa kwa nini hamkusema? Mtoto anaukata uhai wake kwa wembe, nyie dawa mnazo stoo?"

"Tuliambiwa tungoje maelekezo, Baba Sidonia."

"Nani kawaambia?"

Alianza kukusanya vile vipande. Wanaotoa maelekezo huwa hawana majina.

"Basi toka nje, nesi, uwaambie wale wa kwenye benchi. Sema kama ulivyosema hapa."

Kisha akainuka, akatoka. Siku hiyo kliniki ilikuwa ya wenye virusi peke yao, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kumficha mwenzake. Akawaeleza yote, na mwisho akasema, "Kama kuna aliyepunguza dawa, sitamgombeza. Aniambie tu."

Mtu mmoja akakohoa. Kisha mama mmoja mtu mzima akafungua fundo la kanga yake, akatoa kopo. "Mimi nameza leo, naacha kesho," akasema. Kijana wa bodaboda akavua kofia. "Mimi na mke wangu tunagawana kopo moja. Lake tumelificha darini." Na mwingine, na mwingine. Wengi wa benchi lile walikuwa wamebana. Tumekulia kwenye njaa, sote tukawaza kitu kimoja.

Sidonia alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, kumbe mjinga si mimi peke yangu."

Yule mama akamsikia. "Wewe mjinga wapi, mjukuu wangu! Mjinga ni yule aliyetuacha tubahatishe."

Watu wakacheka, hata nesi.

Majibu ya damu yalipokuja, virusi vilikuwa vimepanda. Sidonia alilia, nami nikakosa hamu ya kula. Lakini nesi alisema bado dawa ina nafasi, tusikatize hata siku moja. Kila jioni nikawa nakaa naye hadi nione kidonge kizima kimepita. Wakati wa mavuno tulirudi kupima. Virusi vilikuwa vimeshuka hadi mashine haivioni. Nesi Josephine alimpigia makofi.

Tukiwa tunasubiri usafiri wa kurudi, Sidonia aliniuliza, "Baba, na wakikata tena?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sijui ataleta nani. Wakubwa wetu wanasema wataweka fedha yetu wenyewe, tusitegemee ya watu. Nitaamini nikiona. Lakini ukisikia neno lolote kuhusu dawa yako, usiliamue peke yako wala usiniogope mimi. Twende kwa anayetupa dawa, tuulize kwanza, na tukiwa tunangoja jibu unaendelea kumeza kizima. Na usome, Sidonia. Siku ukikaa kwenye kile kiti cha ofisi, watu wakaja na maswali yao, toka nje uwajibu. Hata kama hujui, toka uwaambie kwamba hujui."