Mkono wa Dobi na Daftari la Karani

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda, pasi ya Mama huwa imeshashika moto. Mama ni dobi, na shati lililopita mikononi mwake halithubutu kujikunja. Sebule yao ina meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu. Chini yake hucheza mtoto wa mwisho, mwenye miaka mitatu, ambaye nyumba nzima humwita Bosi kwa jinsi anavyojua kuamrisha watu.

Dada yake wa miaka kumi na miwili wanamwita Karani, maana haachani na daftari. Huandika siku ya mvua, siku ya kukatika umeme, hata siku kuku wa jirani alipoingia ndani akakanyaga shuka zilizokwisha kunyooshwa.

Jumamosi hiyo Bosi hakumwamrisha mtu. Alikataa uji, akajilaza juu ya rundo la nguo, macho yamemlegea. Mama aliweka pasi kando, akamgusa kipaji cha uso.

"Hana homa huyu, ni uchovu tu," alisema, akarudi mezani. Sare za kwaya zilitakiwa saa sita.

Karani naye akamgusa ndugu yake. "Mama, mbona anachemka?"

"Mkono huu umelea watoto watatu, mwanangu. Haujakosea hata siku moja."

Kubishana na Mama akiwa kazini ni kupoteza muda. Karani akaenda kabatini, akatoa kipimajoto cha betri walicholetewa na shangazi yake, ambaye ni muuguzi. Alikiwasha, akakiingiza kwapani mwa Bosi na kuubana mkono wake mpaka kikalia: pi, pi, pi. Kilionyesha 36.4.

"Si nilikwambia?" Mama alisema huku akicheka. "Lakini umefanya vizuri, Karani wangu. Unajua kazi."

Karani alivimba kichwa kidogo, akaandika namba hiyo daftarini. Alipogeuka kumfunika Bosi, akaona fulana imejikusanya kwapani. Kumbe ncha ya kipimajoto ilikuwa imekaa juu ya kitambaa, haikugusa ngozi kabisa. Mama hakuona. Angenyamaza, sifa zingebaki zake. Lakini Bosi alikuwa anapumua haraka haraka, na sifa haziponyi homa.

"Mama, nimekosea," alisema. "Nimepima fulana, sikumpima mtoto. Narudia."

Safari hii alimvua fulana, akamkausha jasho, akaiweka ncha katikati ya kwapa, akaubana mkono kifuani na kusubiri bila haraka. Pi, pi, pi. 39.2.

Mama akaja kuangalia. "Mara thelathini na sita, mara thelathini na tisa. Kigeugeu gani hicho?"

Karani aliifuta ncha kwa spiriti, akampima Mama mwenyewe. Dobi mzima akasimama ameubana mkono wake, hathubutu hata kukohoa. 36.7.

"Kifaa ni kizima," Karani alisema. Kisha akakishika kiganja cha Mama na kukiweka shavuni mwake mwenyewe. Kilikuwa cha moto. "Mama, mkono wako umetoka kwenye pasi sasa hivi. Ukimgusa mtu yeyote, utamwona wa baridi."

Mama alikitazama kiganja chake. Halafu akachomoa waya wa pasi ukutani. "Kwaya itasubiri," alisema. "Mchukue ndugu yako. Lete na hilo daftari."

Kwenye zahanati, daktari alimpima Bosi akapata 39.3. Alimchunguza koo, akakuta limevimba, akamwandikia dawa. "Mmemwahi," alisema. "Homa ya namna hii kwa mtoto mdogo si ya kukaa nayo nyumbani." Kisha akalifungua daftari na kusoma kwa sauti: "'Saa tatu na robo, 36.4. Si sahihi, nilipima juu ya fulana. Saa tatu na nusu, 39.2.' Nani ameandika?"

Karani akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Namba hii ya pili imenisaidia," daktari alisema. "Lakini sentensi uliyoandika kando ya namba ya kwanza ndiyo imenifanya niiamini. Kipimo kinataka mambo mawili: mkono wenye subira na mtu asiyeficha kosa lake. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa."

Siku ya tatu Bosi alirudi chini ya meza. Mteja aliyekuja kuchukua sare za kwaya alimgusa shavu, akasema mtoto amepona kabisa.

"Mkono wangu ni wa pasi," Mama alimjibu, akijivuna waziwazi. "Habari za homa humu ndani tunamuuliza binti yangu."

Bosi akatoa kichwa chini ya meza, akainua mkono juu. "Karani," aliamrisha, "pima."