Mke Mwenza wa Uani

Plagi ilikuwa juu ya kitambaa, tangi lilikuwa tupu, na bado injini ilikohoa.

Mara moja tu: puh.

Fundi aliinua kichwa. Tangu asubuhi alikuwa uani ameinamia pikipiki ile ya zamani, na mgongo ulikuwa ukimuuma. Aliitazama plagi, akaitazama pikipiki. Injini haiwaki bila vitu vitatu: petroli, moto na hewa. Hilo alilijua kabla hajaota ndevu.

"Uchovu huu," akajisemea, "utanifanya nisikie mengi."

Aliinunua ikiwa vipande vya chuma ndani ya magunia, akaiunga upya kwa miezi saba, ili mkewe, mshonaji mwenye goti bovu, asitembee tena kwenda kazini. Lakini kila ilipowaka, ilizima. Alisafisha kabureta, ikazima. Alirekebisha vali, ikazima. Kilichobaki kilikuwa kuibembeleza. Jana yake, kila alipopiga kiki, alisema, "Amka, mke wangu. Njoo, mke wangu, njoo."

Mkewe alichungulia dirishani, pini mdomoni. "Mwambie mke mwenzangu karibu ndani, asije akapigwa na baridi!"

Walicheka wote wawili.

Sasa pikipiki ikawa inawaka yenyewe, mchana kweupe, na moshi wake ulinuka nywele zilizoungua. Ikinguruma, mkewe aliishiwa pumzi akaketi sakafuni. Ikinyamaza, alipata nafuu, ila kila siku nafuu ilipungua. Siku ya nne fundi aliziba mdomo wa kabureta kwa kiganja ili ainyime hewa, akahisi injini inavuta, inavuta kama mtoto anayenyonya, na upepo uliopenya kati ya vidole vyake ulikuwa wa joto, unatoka upande wa dirishani, ambako mkewe alikuwa ameng'ang'ania nondo, mdomo wazi, hana sauti.

Aliondoa mkono haraka.

"Baba," mkewe alinong'ona alipoweza, "hiyo inavuta pumzi yangu."

Wakamwita mganga. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, na hakuigusa pikipiki.

"Ulikuwa unamwitaje?"

Fundi alisema, kwa aibu.

"Na wewe, dada?"

"Nilimkaribisha ndani. Nilikuwa natania tu."

"Aliyeingia humo ni jini, na jini hajui utani." Mganga alipenga kamasi. "Mmoja kaoa, mwingine kakaribisha. Sasa mwache, kwa maneno, kama mume anavyomwacha mke. Ila mwite pikipiki. Ukimwita ulivyozoea, atakayeachika ni mkeo, naye huyu atabaki. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Fundi alikuwa hajalala siku nne. Aliweka mkono juu ya tangi, injini ikaanza kutetemeka chini ya kiganja chake polepole, kwa upole, kama mtu anayemsogelea kitandani, na ile harufu ikamzunguka kichwa, na kutoka ndani ya nyumba akamsikia mkewe akikoroma kwa kukosa hewa, akataka kusema upesi ili amalize, amuokoe, apumzike, na ulimi, ambao hauna mfupa, ukapita njia yake ya siku zote.

"Mke wangu, nimekuacha."

Injini ilinyamaza.

Mganga aliziba uso kwa viganja.

Fundi alikimbilia ndani. Mkewe alikuwa amesimama, anapumua vizuri, anakunja nguo zake moja moja na kuzitia kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

"Si umeniacha?" Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

"Si wewe! Nilimaanisha yule!"

"Yule nani?" alimuuliza, akimtazama kama mtu aliyekutana naye foleni. "Mimi nimesikia nimeachwa. Nipishe, kaka."

Alipita mlangoni na begi lake, akaingia barabarani akichechemea. Fundi alimfuata hadi kizingitini.

"Mke wangu!" aliita. "Rudi! Mke wangu!"

Mshonaji hakugeuka.

"Abee," ikaitika sauti nyororo, kutoka uani.